Shingo ya Gitaa la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu, pamoja na hao wanao wawili ambao mpaka leo nawajua kwa picha tu. Natumaini mafua ya mdogo yameisha, na lile jicho lako lililoingiwa na cheche limepona kabisa. Nyinyi wachomea vyuma mna ugonjwa mmoja: miwani mnayo, lakini mnaivaa kichwani. Ukiniuliza mimi, sijambo. Mgongo unanisumbua kwa kuinamia vyerehani vya watu kutwa nzima, ila mikono bado ina akili zake, na kwa kazi yangu hiyo inatosha.

Najua unashangaa kupata barua, tena nene hivi, wakati tunaongea kwenye simu kila baada ya wiki mbili. Simu imenishinda kwa jambo hili. Mara tatu nimekupigia nikiwa nimekata shauri, na mara tatu nimeishia kukuuliza kama huko kunanyesha. Wewe ndiye uliyenipa jina la Chiriku, unajua nikianza kupiga soga sikamatiki. Usichokijua ni kwamba wapiga soga tuna ujanja wetu: tunaongea mengi ili lile moja lisipate nafasi ya kutoka. Kwenye karatasi siwezi kukukwepa. Kwa hiyo kaa chini, mwambie wifi akuachie nafasi kidogo, usome mpaka mwisho kabla hujaichana.

Nianze na Baba, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Mwili wake hauna tatizo kubwa. Anakula vizuri, anatembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi, na presha yake inapimwa kila wiki na nesi mmoja mkali mwenye roho nzuri. Kinachomtoka ni kumbukumbu. Kwenye simu nilikuambia anasahausahau kidogo kama wazee wengine. Nilipunguza, nisamehe. Mwezi uliopita alishika bobini mkononi, yeye aliyekuwa akifungua cherehani cha kiwandani na kukirudisha huku anapiga stori nyingine kabisa, akaigeuzageuza, kisha akaniuliza hicho ni kitu gani. Siku nyingine ananiita kwa jina la marehemu Mama, nami naitika, kwa sababu nikimsahihisha anaona aibu na siku nzima inaharibika.

Daktari aliniambia waziwazi kwamba hali hii haina kurudi nyuma. Asubuhi, baada ya chai mpaka kama saa nne, ni Baba yule yule unayemjua, mkali wa maneno na mwepesi wa utani. Baada ya hapo anakuwa mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe, anauliza choo kiko wapi. Daktari alisema kama kuna jambo la familia linalomhitaji akiwa na akili zake, tusilisogeze mbele. Aliongea kwa hesabu ya miezi, na hata hiyo aliitamka kwa shida.

Jambo lenyewe tunalijua. Miaka kumi na saba iliyopita Baba alikuita mwongo mbele za watu, nawe ukasema hutakanyaga mlango huu mpaka alifute neno hilo kwa kinywa chake mwenyewe. Muda wote huo mimi nimekuwa katikati yenu, napeleka salamu zisizotumwa na kurudisha majibu yasiyotolewa. Ulipooa nilimwambia Baba umemsalimia sana. Hukumsalimia. Mwanao wa kwanza alipozaliwa nilikuambia Baba amefurahi mno. Ukweli ni kwamba alienda kunoa mkasi ambao ulikuwa tayari unakata.

Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba mengi yamemtoka, lakini habari ya gitaa haijamtoka hata kipande. Anamsimulia nesi, anamsimulia jirani yetu wa ghorofa ya juu, anawasimulia washonaji wanaoniletea vyerehani vyao. Anawaambia alikuwa na mtoto wa kiume mwenye vidole vya ajabu, akaliharibu gitaa la baba yake kwa ubishi, halafu akamtazama usoni na kumdanganya. Wageni wanatikisa vichwa kwa huruma. Mimi huwa nainamia kazi na kujifanya natafuta skrubu iliyoanguka.

Sasa nikueleze habari za gitaa lenyewe. Hujawahi kuniuliza hata siku moja liko wapi, nami sikuwahi kukuambia kwamba siku hizi ni langu. Ulipoondoka lilirudishwa kwenye kasha lake, likapandishwa juu ya kabati, likakaa huko miaka kumi na mitatu likiwa na shingo iliyopinda na nyuzi zilizolala ovyo. Baba hakukubali kuliuza, wala hakukubali fundi yeyote aliguse. Miaka minne iliyopita, mikono yake ilipoanza kutetemeka, aliniagiza nilishushe, akafungua kasha mwenyewe na kunikabidhi. Alisema analitoa kwangu kwa sababu mimi ndiye mtoto wake ambaye sijawahi kumdanganya kuhusu kifaa. Nilisema ahsante. Kaka, nilisema ahsante na kulipokea kwa mikono miwili.

Nililipeleka kwa fundi mmoja wa magitaa ambaye watu wanamwita Miwani, kwa kuwa ana miwani mbili, moja puani na moja kwenye paji la uso, na bado kila saa anaulizia miwani yake. Chumba chake kiko nyuma ya duka la fotokopi, kimejaa unga wa mbao na harufu ya gundi. Alipoliona kasha alifurahi. Alipofungua na kuziona funguo zote kumi na mbili za kukazia nyuzi, alikunja uso. Alisema mwenye gitaa la nyuzi kumi na mbili ni kama mtu aliyeoa kwenye ukoo mkubwa, akimridhisha huyu, yule kanuna. Lakini huku akilalamika alikuwa ameshaanza kulipapasa shingo, nikajua amelikubali.

Alipasha moto ule ubao wa juu wa shingo kwa pasi, kidogo kidogo, huku akipenyeza kisu chembamba chini yake mpaka gundi ikaachia. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, nami nilisimama pembeni nikitoka jasho kama ndugu wa mgonjwa. Ubao ulipotoka tuliuona mfereji ndani ya mti, na humo kimelala kile chuma kirefu kinachoizuia shingo isivutwe na nyuzi. Kilikuwa kimekatika, karibu kabisa na kichwa cha gitaa. Fundi aliinama akainusa ile mbao, kisha akaniuliza swali moja. Swali hilo nitaliandika mbele kidogo. Usiruke kurasa, nakujua.

Alitia chuma kipya, akagundisha ubao, akaifunga shingo kwa vibano siku tano. Kabla ya kunirudishia alinikalisha kwenye kigoda chake nijifunze kulitunza, maana alisema hana hamu ya kuliona tena mezani kwake. Tangu hapo nimekuwa mtumwa wake kwa hiari yangu. Madukani hapa hawauzi seti ya nyuzi kumi na mbili, kwa hiyo nanunua seti mbili za kawaida, halafu zile nyuzi nyembamba za kuongezea nazitafuta moja moja. Ule mwembamba kuliko wote, wa jozi ya tatu, nanunua akiba tatu kwa mpigo, kwa kuwa umekazwa kupita wenzake na ndio unaokatika kila mara, tena ukikatika unakuchapa mkono. Sitoi nyuzi zote kwa pamoja. Natoa jozi moja, natia mpya, naikaza, ndipo naihamia inayofuata, ili shingo isishtuke.

Nalityuni sauti moja chini ya kawaida, kama Baba alivyotuamuru sisi wote wawili, na nikitaka sauti kamili nafunga kibano kwenye kijichuma cha pili kati ya vile vinavyokatiza juu ya shingo. Nikimaliza kupiga nazilegeza kidogo na kuzipangusa kwa kitambaa kikavu, juu na chini, uzi kwa uzi, kwa sababu jasho langu linaleta kutu kama la Baba. Kitufe cha sauti kilikuwa kinakwaruza kwenye spika; nilikifungua, nikakisafisha, sasa kinazunguka kimya. Tundu la kuchomekea waya nililehemu upya mwenyewe. Ungeiona ile lehemu ungenicheka, lakini inashika.

Na sauti yake, Kaka! Nikilichomeka kwenye amplifaya ndogo na kupiga jozi moja tu, uzi mnene na mdogo wake wanalia pamoja, mmoja chini na mmoja juu, na sebule yote inajaa. Baba anafumba macho. Anaweza kuwa hajui ni mwezi gani, lakini uzi mmoja ukilegea kidogo tu anainua kidole kunionya, nami natafuta mpaka nauona. Kuna dakika chache hapo ambazo ni nzuri kuliko zote za siku yangu. Halafu anafumbua macho, anamtafuta mtu wa kumsimulia, na habari ya mtoto wake mwongo inaanza upya, mimi gitaa likiwa mapajani.

Nivumilie niirudie ile wiki ya harusi. Najua hujaisahau. Naiandika kwa sababu sehemu yake moja hukuwahi kuijua.

Baba alikuwa amekuachia nafasi yake kwenye bendi kwa siku moja, harusi ya binti wa msimamizi wake kiwandani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwachia mtu gitaa lile, na aliwatangazia wenzake wote kwamba Jumamosi watamsikia mwanawe. Mlibishana wiki nzima. Wewe ulitaka kulikaza mpaka sauti kamili ili umfuate mwimbaji, yeye akasema nyuzi kumi na mbili zikikazwa kiasi hicho zitaing'oa shingo. Mwishowe ulikubali shingo upande. Jumamosi, kwenye wimbo wa pili, gitaa likaanza kukupotea. Nyuzi zilinyanyuka juu ya shingo, ukabonyeza mpaka vidole vikatoka damu, na hakuna jozi iliyokubaliana na mwenzake. Watu wakacheka, mmoja akapiga mluzi. Baba alitoka kwenye kiti cha mbele, akalichukua gitaa, akafumba jicho moja na kuitazama shingo kwa urefu, akaona imepinda. Akakuuliza kama ulilikaza sauti kamili. Ukasema hapana. Akauliza tena, ukaapa kwa jina la Mama kaburini. Hapo ndipo alipokuita mwongo, karibu na kipaza sauti, na ukumbi mzima ukasikia. Jumapili asubuhi kitanda chako kilikuwa kimetandikwa na wewe hupo.

Hukudanganya, Kaka. Hukulikaza sauti kamili. Mimi ndiye niliyelivunja.

Ilikuwa Alhamisi. Ulirudi kutoka mazoezini, ukanionyesha malengelenge kwenye ncha za vidole, ukasema nyuzi ziko juu mno, na kama zingeshuka japo kidogo ungelipiga gitaa lile mpaka watu wasahau kula. Kisha ukaenda kuoga. Baba alikuwa kazini. Mimi nilikuwa nimeshamwona akifungua kile kifuniko kidogo kichwani mwa gitaa, chenye skrubu tatu, akaingiza kifunguo na kukizungusha kidogo sana, na nyuzi zikashuka. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na bisibisi yangu mwenyewe, na kichwa kikubwa kuliko nyumba hii. Nilitaka Jumamosi ulikute jepesi bila kujua nani kalilainisha. Ningekuambia baadaye, nawe ungenirusha juu kama ulivyokuwa ukinirusha zamani.

Kifunguo kiligoma. Sasa mtoto wa Baba anafanya nini skrubu ikigoma? Alitufundisha wote wawili pale mezani: tia tone la mafuta ya cherehani, subiri yaingie, halafu vika kibomba juu ya kifunguo upate nguvu. Kwa vyerehani hiyo ni sahihi, mpaka leo nafanya hivyo hivyo. Hakuna aliyeniambia kwamba chuma kile hakikugoma kwa kutu, kilikuwa kimefika mwisho wake. Nilitia tone. Nilihesabu mpaka mia. Nikavika kibomba, nikazungusha robo. Nikaona haitoshi, nikaongeza robo nyingine. Nilisikia mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti inayovunjika mfukoni, na kifunguo kikawa chepesi. Nilidhani kimekubali. Nilifurahi, Kaka! Nilirudisha kifuniko, nikazipanga skrubu zote tatu sawasawa kama Baba anavyopenda, nikaenda kuosha vyombo huku naimba. Nyuzi zilikuwa zimelegezwa, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu mpaka ulipozikaza Jumamosi, kwa kiasi kile kile alichoamuru Baba, na shingo ikakosa cha kuizuia.

Pale ukumbini nilikuwa hatua tano kutoka kwenu, nimeshika begi lako. Baba alipofumba jicho lile moja, nilielewa yote. Nilijiambia nitasema tukifika nyumbani. Tulipofika nyumbani mlikuwa mnapigizana kelele, nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake hukuwepo.

Swali la fundi Miwani lilikuwa hili: nyumbani kwenu nani anatengeneza vyerehani? Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita na mbao bado ilikuwa inanuka mafuta pale mdomoni mwa chuma, doa lake linaonekana. Nilipomjibu kwamba ni baba yangu, alisema nyuzi zinaweza kupinda shingo lakini haziwezi kukata chuma namna ile, chuma kile kilizungushwa na mkono wa mtu mpaka kikakatika. Kwa maneno mengine, hata kama ungelikaza sauti kamili kama Baba alivyodhani, lisingevunjika hivyo. Nilimwambia ni mambo ya zamani. Alishusha miwani ya pili, akanitazama, kisha akarudi kwenye mbao yake.

Sitajificha nyuma ya utoto. Kuogopa ukiwa na miaka kumi na minne kunaeleweka. Kwenye ishirini je? Leo nina thelathini na moja. Ukweli mchungu ni kwamba ulipoondoka kiti chako pale mezani kilibaki wazi, nikakikalia mimi. Zana zikaja kwangu, kisha wateja, kisha imani yote ya Baba, na mwisho gitaa. Kila mwaka uliopita, kusema kweli kungeninyang'anya zaidi ya mwaka uliotangulia. Wewe ndiye uliyenifunga kamba za viatu Mama alipofariki, uliyenipikia uji ukaunguza sufuria tukacheka. Na mimi nikakuacha ubebe kosa langu, nikawa nakupigia simu kukuuliza unajisikiaje. Najionea haya. Sina neno lingine.

Siku tisa zilizopita, nesi alipomaliza kupima presha, Baba alimkalisha na kumpa habari ya mwanawe mwongo. Nesi alipotoka nilikaa sakafuni mbele ya kiti cha Baba, nikamwambia kila kitu kama nilivyokuandikia hapa. Alinisikiliza bila kupepesa. Kwanza aliongea kama fundi: aliuliza nilitumia kifunguo kipi, nilitia matone mangapi, nilizungusha kiasi gani. Nilisema robo mbili. Akasema ya pili ndiyo iliyoua. Kisha akaitazama mikono yangu. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba yule mtoto aliapa, na yeye alimjua mwanawe anavyoapa, lakini hakumsikiliza kwa sababu watu walikuwa wanacheka na aibu ilikuwa yake. Akasema hilo ni kosa lake, si langu. Akasema neno lile analifuta. Tulilia wote wawili, Kaka, mpaka chai ikapoa. Alipojipangusa uso aliniuliza kama nimeshakwambia wewe. Nilisema bado. Akasema niende nikuambie kwanza, yangu na yake yatafuata.

Nilidhani nimetua mzigo. Kesho yake asubuhi jirani wa juu alikuja kuazima pasi. Baba alimvutia kiti, akamsimulia habari ya mwanawe mwenye vidole vya ajabu aliyemtazama usoni na kumdanganya.

Basi nikamwambia upya. Na siku iliyofuata nikamwambia tena. Nimeshamwambia mara tisa sasa, na kila mara kwake ni mara ya kwanza, nakaa pale naona linavyomwingia usoni. Siku moja alipiga meza na kuniita maneno ambayo sitayaandika. Siku moja alicheka mpaka akakohoa, kwa ajili ya kile kibomba. Siku nyingine alininunia mpaka mchana, na mchana akawa amesahau sababu lakini kununa kukabaki. Daktari anasema nikiacha hatajua, na kwamba najitesa bure na kumtesa yeye. Inawezekana. Lakini nikiacha, kabla ya chakula cha mchana wewe ni mwongo tena ndani ya nyumba hii, na mimi ndiye ninayekaa nimenyamaza. Hiyo siwezi tena.

Kila mara, akiwa na hasira au akiwa na machozi, analifuta lile neno. Na kila mara anamalizia na swali lile lile, kama nimeshakwambia.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Hilo utaniambia uso kwa uso, au utaninyima, na yote mawili ni haki yako. Ninachokuomba ni uje, na uje asubuhi. Ukae karibu naye kabla ya saa nne. Nitamwambia mbele yako, naye atalifuta neno lile kwa kinywa chake mwenyewe, kama ulivyotaka. Kufika mchana atakuwa amesahau kwamba alilifuta. Wewe utakuwa umelisikia. Usikawie, Kaka, kwa sababu saa nne hiyo inazidi kusogea nyuma, na jana ilikuwa saa tatu na nusu.

Kuhusu gitaa, ni lako. Tangu mwanzo lilikuwa linakuja kwako. Ukitaka kuondoka nalo nitakupa nyuzi za akiba na kile kitambaa. Kama huwezi kulitazama, niambie mapema nilitoe sebuleni kabla hujafika.

Msalimie sana wifi, na umwambie asikasirike ukikosa usingizi kwa ajili yangu. Wabusu watoto. Waambie shangazi yao yupo, anatengeneza vyerehani, na mengine utawaambia wewe mwenyewe kwa kadiri utakavyoona inafaa.

Namsikia Baba anaburuta kandambili kwenda jikoni, ameshaamka na chai iko tayari. Naishia hapa ili nifunge bahasha kabla sijaingiwa na woga, kisha niende nikamwambie. Leo akiniuliza kama nimekueleza, nitamjibu ndiyo.

Ni mimi mdogo wako,

Chiriku